Bangkok ukae mtaa gani? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu hoteli, foleni na treni

Nianzie wapi? Nikifungua apu naona hoteli maelfu, zote zinasema ziko katikati ya mji.

Anza na stesheni ya treni, hoteli itafuata. Watu wengi wanafanya kinyume, wanachuja kwa bei, wanaona chumba kizuri kina bwawa la kuogelea na kifungua kinywa, wanalipia hapo hapo, kumbe kipo mbali na reli na kila asubuhi wanakaa ndani ya taksi lisaa zima kwenda kilomita sita. Bangkok huwezi kuipima kwa kilomita, ipime kwa dakika, tena dakika za saa kumi na moja jioni mvua inanyesha. Na "katikati ya mji" hapa haipo moja, kuna Siam, kuna Silom, kuna Asok, kuna mji mkongwe kule mtoni, zote ni katikati na zote ziko mbalimbali.

Kwa hiyo jiulize kitu kimoja tu: kila siku nikiamka naenda wapi? Kama ni sokoni kaa karibu na soko, kama ni hospitali kaa unapoweza kwenda kwa miguu, kama hujui bado au unazunguka tu basi kaa popote ambapo stesheni ya BTS au MRT (treni za mjini, moja ya juu na moja ya chini ya ardhi) iko dakika tano sita za kutembea, hapo hata ukikosea hukosei sana.

Hivi foleni ni mbaya kweli au watu wanakuza mambo?

Mbaya kweli. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi na kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku barabara kubwa kama Sukhumvit, Phetchaburi, Ratchaprarop na makutano ya Asok zinasimama. Taa nyekundu inaweza kukuweka mpaka dereva anazima injini na kuanza kuangalia video. Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi sitaki hata kuizungumzia.

Sababu ni kwamba barabara kubwa ni chache na kati yake kuna vichochoro wanaviita soi, vingi vinaishia ukutani havitokei upande wa pili, kwa hiyo kila gari lililoko ndani lazima lirudi kumwagika barabara ile ile kubwa. Alafu msimu wa mvua, kuanzia kama Mei mpaka Oktoba, mvua ya nusu saa inatosha kujaza maji kwenye soi, na hapo taksi zote zinapotea kwa wakati mmoja.

Treni zikoje, ni rahisi kwa mgeni?

Rahisi sana. BTS ni ile inayopita juu kwenye nguzo, ilianza Desemba 1999, ina njia kuu mbili, ya Sukhumvit na ya Silom, zinakutana Siam. MRT njia ya bluu inapita chini ya ardhi sehemu kubwa, ilianza 2004, na 2019 ikarefushwa ikapita Chinatown mpaka ng'ambo ya mto. Ya tatu ni treni ya uwanja wa ndege, Airport Rail Link, ilianza 2010 na inaishia Phaya Thai ambapo unaungana na BTS. Zinatembea kuanzia kama saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita usiku, nauli za safari fupi zinaanzia chini ya baht 20 (baht ndo pesa yao).

Kitu cha kujua ni kwamba BTS na MRT ni kampuni mbili tofauti, tiketi ya huku haiingii kule. Pale Asok kwa mfano unashuka BTS, unatoka getini, unatembea, unalipa upya kuingia MRT inayoitwa Sukhumvit. Ni stesheni mbili zenye majina mawili lakini ni sehemu moja. Sala Daeng ya BTS na Si Lom ya MRT nazo vivyo hivyo. Ndo maana hoteli zilizo jirani na makutano haya zina bei juu kidogo, na mimi naona inalipa kabisa.

Nakuja kununua nguo za biashara. Pratunam au nikae sehemu tulivu niwe naenda na kurudi?

Kama safari yako ni ya mzigo, kaa Pratunam, usijisumbue. Ile ni Kariakoo yao, soko la nje linaanza alfajiri giza bado halijatoka, wenye jumla wananunua mapema wanaondoka, alafu Platinum Fashion Mall ya pale barabara ya Phetchaburi inafungua asubuhi na unaendelea ndani kwenye kiyoyozi. Bei ya jumla maduka mengi unaipata ukichukua kuanzia vipande vitatu, unaweza kuchanganya rangi, saizi inategemea na muuzaji. Saa sita mchana unakuwa na mifuko minne mabegani, sasa hapo ndo utaelewa kwanini nasema kaa karibu. Unarudi hotelini kwa miguu, unamwaga mzigo kitandani, unahesabu, unashuka tena. Aliyekaa mbali anabeba mifuko yake siku nzima au anapanda taksi isiyotembea.

Ubaya wake nao upo. Hoteli nyingi za pale ni za zamani, vyumba vidogo, kuta nyembamba, mikokoteni inaanza kugonga chini saa kumi alfajiri na kwenye korido saa tano usiku unasikia mtu anazungusha gundi ya plastiki kwenye robota lake, krrr, krrr, mwingine ananing'iniza begi kwenye mzani wa mkono anarekebisha kilo. Kama unataka usingizi wa kitalii, hapana. Ila kwa biashara hao ndo majirani unaowataka, watakuambia nani ana bei nzuri wiki hiyo.

Kabla hujalipia chumba cha Pratunam uliza mambo matatu: lifti ipo na inafanya kazi, wanaruhusu kutunza mizigo baada ya kutoka chumbani (ndege nyingi za kwetu ni usiku), na chumba kina nafasi ya kufungua begi mbili chini. Picha za kwenye apu zinapigwa kwa lenzi inayopanua kila kitu, angalia ukubwa kwa mita za mraba. Na wakala wako wa kago muulize mapema kama anafata mzigo hotelini au unampelekea, maana wapo wa aina zote mbili.

Lakini Pratunam mbona sioni stesheni ya BTS kwenye ramani?

Haipo ya kwake yenyewe. Ratchaprarop ya treni ya uwanja wa ndege ndo ya karibu kwa hoteli za upande wa jengo refu la Baiyoke. Kwa BTS unatembea mpaka Ratchathewi au Chit Lom, na kutoka Chit Lom kuna njia ya juu ya waenda kwa miguu inapita jengo la maduka la CentralWorld kuelekea Pratunam, hugusani na magari kabisa. Inachosha ukiwa na mzigo lakini kwa kwenda ni sawa.

Alafu kuna boti za mfereji wa Saen Saep, hizi wageni wengi hawazijui. Gati la Pratunam ndo boti zote zinapobadilishana, upande mmoja unaenda Bobae (soko lingine la nguo za jumla, bei ya chini zaidi, wanapenda uchukue nyingi), upande wa pili unaenda Nana na Asok. Nauli ni pesa ndogo tu. Boti haisimami vizuri, inagusa gati watu wanaruka, kondakta anatembea ukingoni nje amevaa helmeti anakusanya nauli, na boti ikipishana na nyingine abiria wa pembeni wanavuta kamba kuinua turubai ili maji yasiwarukie, ukikaa pembeni hiyo kazi ni yako. Maji yenyewe hutaki yakuingie mdomoni. Lakini wakati Phetchaburi imesimama juu, wewe chini unapita tu. Jioni zinaisha mapema, usitegemee za usiku.

Namleta mzazi hospitali, nikae wapi?

Kwa miguu kutoka hospitali, hata kama chumba ni kidogo na bei imesogea. Mgonjwa hatakiwi kuanza siku kwenye foleni. Watu wengi wa Afrika Mashariki na wa Ghuba wanaenda Bumrungrad, iko Sukhumvit Soi 3, na vichochoro vya pembeni vimejaa hoteli na apatimenti zenye jiko dogo na mashine ya kufulia, hizi ndo nzuri maana matibabu huwa yanaongezeka siku na mgonjwa anataka uji sio tambi za pilipili. Chukua kwa wiki, omba bei ya wiki, wanapunguza. Baadhi ya hoteli za pale zina gari dogo la kupeleka wageni hospitali, uliza kabla hujaamini.

Ila Soi 3 yenyewe asubuhi ni balaa, magari yanapanga mstari mmoja mpaka nje. Ukichukua hoteli "Sukhumvit" bila kuangalia namba ya soi unaweza kujikuta upo kilomita kadhaa mbali na daktari wako na anwani bado inasema Sukhumvit, maana ile barabara ni ndefu inatoka nje ya mji kabisa. Na kumbuka stesheni nyingi za BTS zina ngazi ndefu, mzee wa magoti mtafutie njia yenye lifti au pandeni taksi baada ya saa tatu na nusu asubuhi.

Namba za soi zinanichanganya. Soi 38 si iko jirani na Soi 39?

Hapana! Upande mmoja wa Sukhumvit ni namba witiri, 1, 3, 5, upande wa pili ni shufwa, 2, 4, 6, na hazitembei sawa kwa sababu upande wa witiri una vichochoro vingi zaidi. Soi 55, yaani Thong Lo, inatazamana na Soi 38. Soi 63 Ekkamai inatazamana na Soi 42. Kwa hiyo ukiambiwa mkutane Soi 40 na wewe uko Soi 39, usivae viatu ukadhani ni kuvuka barabara. Angalia ramani kila mara.

Hoteli imeandika "dakika 5 mpaka BTS". Niamini?

Usiamini. Dakika tano za nani, za pikipiki? Fungua ramani, weka hoteli yenyewe mpaka stesheni, chagua kutembea. Ikizidi mita 500 fikiria mara mbili, joto la Bangkok mwezi wa nne mita mia tano unafika umelowa. Alafu angalia picha za mtaani kama kuna njia ya miguu, soi nyingi ni nyembamba, unabanana na magari na vibanda vya chakula. Hoteli ya ndani kabisa mwisho wa soi inakuwa nafuu na tulivu lakini hiyo safari ya kutoka mdomoni mwa soi mpaka mlangoni utaifanya mara nne kwa siku. Kuna bodaboda wenye vesti za machungwa wanakaa pale mdomoni, ni wa uhakika na bei zao ni za kawaida, ila hawakusubiri ukiwa na watoto watatu na begi.

Soma maoni ya wageni wa karibuni, tafuta maneno ya kutembea, kelele, ujenzi. Ujenzi hasa. Mji unajengwa kila kona na jirani yako anaweza kuwa nyundo.

Chakula cha halali na msikiti nitapata?

Utapata, na hili linaweza kukuamulia mtaa. Nana upande wa Sukhumvit Soi 3 na 3/1 pale wanapaita mtaa wa Waarabu, kuna migahawa ya Kiarabu usiku kucha, utakula wali na nyama kama uko Muscat. Mwingine ambao watu wanausahau ni Phetchaburi Soi 7, karibu na BTS Ratchathewi, kuna msikiti wa Darul Aman na pembeni yake vibanda vya Waislamu wa Thailand wanauza wali wa manjano na kuku unaofanana na biriani, supu ya mkia, roti. Kutoka Pratunam ni mwendo wa miguu, kwa hiyo mfanyabiashara Muislamu anaweza kununua nguo, kuswali na kula bila kupanda chochote. Kwa wa Silom na mtoni kuna msikiti wa Haroon maeneo ya Charoen Krung.

Nafanya biashara ya vito.

Silom, upande wa Mahesak na Jewelry Trade Center, BTS Surasak ndo yako. Na usinunue wala kuuza kupitia dereva wa tuk-tuk aliyekuambia Kasri la Mfalme limefungwa leo twende nikuonyeshe duka, huo ni utapeli mkongwe na bado unakamata watu.

Mimi ni mtalii tu, nataka mahekalu na mto. Khao San vipi?

Khao San na Banglamphu ni pazuri kwa kutembelea mahekalu, Kasri liko karibu, vyumba ni vya bei nafuu, vijana wamejaa, muziki mpaka usiku mkubwa. Tatizo hakuna treni pale. Unategemea boti za mto Chao Phraya kutoka gati la Phra Arthit, na jioni zikiisha unabaki na taksi. Kwa mtu wa mahekalu siku mbili tatu ni sawa, kwa mtu anayetaka na maduka ya Siam kila siku atachoka.

Mimi ningekaa jirani na Saphan Taksin, BTS inafika hapo na gati kuu la Sathorn liko chini yake kabisa, asubuhi unachukua boti ya bendera ya machungwa kwenda gati la Tha Tien au Tha Chang kule kwenye mahekalu na Kasri, jioni unapanda BTS kwenda kula popote. Au Chinatown karibu na MRT Wat Mangkon, kituo kimoja ni Sam Yot, kinachofuata Sanam Chai umeshafika hekalu la Wat Pho. Chinatown usiku barabara ya Yaowarat ni moshi, chakula na watu, ukipenda hivyo utapapenda.

Nikitaka bei nafuu lakini bado niwe kwenye reli?

On Nut na Phra Khanong kwa BTS, Huai Khwang kwa MRT. Unakaa ndani ya treni dakika ishirini hivi kufika katikati, na huo muda haubadiliki kwa sababu ya mvua. Chumba cha On Nut mita 200 kutoka stesheni ni bora kuliko cha Sukhumvit "katikati" ndani kabisa ya soi.

Nikae karibu na uwanja wa ndege?

Usiku wa mwisho tu kama ndege ni alfajiri. Na hakikisha ni uwanja gani, vipo viwili! Suvarnabhumi ndo tunashukia sisi tunaotoka Nairobi, Addis au Dubai. Don Mueang upo upande mwingine wa mji, ndege nyingi za bei nafuu za ndani zinaruka hapo. Mtu anayeunganisha Suvarnabhumi kwenda Don Mueang jioni ya Ijumaa kwa saa mbili anajitafutia presha.

Nikitua nichukue treni au taksi?

Begi moja, treni. Kutoka Suvarnabhumi mpaka Phaya Thai ni kama nusu saa na nauli haizidi baht 45. Mabegi mengi au watoto, taksi ya mita, inaanzia baht 35, ongeza 50 ya uwanja wa ndege, na ukikubali kupita barabara ya kulipia ile tozo ni yako, kubali tu. Grab na Bolt zipo pia. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuna dawati la afya la kukagua cheti cha homa ya manjano kabla ya uhamiaji, usipite moja kwa moja ukarudishwa nyuma ya foleni. Na hifadhi jina la hoteli kwa herufi za Kithai pamoja na namba ya simu, madereva wengi herufi zetu hawazisomi vizuri.

Apatimenti ya mtu binafsi ya siku nne si ni nafuu kuliko hoteli?

Nafuu ndio, lakini Sheria ya Hoteli ya 2004 hairuhusu kupangisha chini ya siku 30 bila leseni, na majengo mengi yameweka bango kabisa pale lifti. Unaweza kufika usiku mlinzi akakukatalia, mwenye nyumba hapokei simu. Kwa mwezi mzima ni sawa. Kwa siku chache chukua hoteli yenye leseni.

Kuhusu mitaa ya starehe, nikija na familia?

Nana Plaza iko Sukhumvit Soi 4, Soi Cowboy iko karibu na Asok, Patpong iko Silom. Mchana hutaona kitu, usiku utaona. Sio hatari, ila kama hutaki maswali ya watoto basi kaa mitaa ya Ari, Siam, Phaya Thai au mtoni.

Kuna vitu vidogo vya hoteli vya kujua?

Wanaomba pasipoti ya kila mgeni, ni sheria. Wengi wanachukua dipoziti ya pesa taslimu wanarudisha ukiondoka, tunza risiti. Chumba kinapatikana kuanzia saa nane mchana. Plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii kwenye soketi zao, beba adapta. Bei zinapanda Novemba mpaka Februari, na Songkran, mwaka mpya wao wa katikati ya Aprili, mji mzima unamwagiana maji, ukiwa na mzigo wa kusafirisha epuka hizo siku kwa sababu maduka mengi ya jumla yanafunga.

Siku ya kuondoka na mabegi manne kutoka Pratunam, ndege saa sita usiku. Nitoke saa ngapi?

Treni sahau, jioni inajaa mpaka mlangoni na mabegi manne watakuchukia. Una njia mbili: toka kabla ya saa tisa mchana ukakae uwanjani, au subiri foleni ilegee utoke saa mbili usiku. Katikati ya hapo usijaribu. Omba hoteli ikuitie gari kubwa kidogo, maana taksi nyingi zimefunga mtungi wa gesi kwenye buti na begi lako la tatu litakaa mapajani.